Ujuaji Wangu na Nguruwe wa Kanisa

Nafula mwanangu,

Sitaanza kwa kuuliza kama u mzima. Nimekuona leo asubuhi ukimaliza chapati nne na kuulizia ya tano, kwa hivyo afya yako naijua. Yangu pia ni nzuri, isipokuwa hili goti la kushoto ambalo siku hizi linalia kama mlango wa choo.

Umeenda kusukwa nywele hapo stage ya mabasi ya Kimbo, na yule dada anayekusuka mdomo wake una kasi kuliko vidole, kwa hivyo nina alasiri nzima. Baba yako amelala kwenye kiti, gazeti usoni. Nimechukua daftari lako la zamani la chuo, lile lenye kurasa nyingi ambazo hukuandika kitu (tutaongea siku nyingine), na nimekaa hapa mezani.

Mambo ya safari yako ya kesho, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya sweta, na ya kutopokea soda ya mtu usiyemjua ndani ya basi, sitayaandika. Nimeyasema tangu Jumatatu hadi kuku wa hapa nyumbani wanayajua. Nataka kukuandikia kitu kingine, ambacho kwa mdomo kimenishinda.

Jana nilikuwa napita nje ya chumba chako na nguo za kuanika, nikakusikia ukiongea na kioo. Ulikuwa unafanya mazoezi ya siku yako ya kwanza kazini. Ulisema, "Vijana, kwanza kabisa lazima mwelewe kwamba ufugaji ni sayansi." Halafu ukakohoa, ukarudia kwa sauti nzito zaidi. Nilisimama pale na shuka la maji likinilowesha miguu. Sauti hiyo naijua, Nafula. Sauti hiyo ilikuwa yangu, na iliua nguruwe kumi na sita.

Sasa keti vizuri nikuambie.

Nyinyi watoto tumewaambia miaka yote kwamba mimi na baba yenu tulikutana kwaya, yeye besi, mimi sauti ya kwanza. Ni kweli tuliimba kwaya. Lakini hatukukutana huko. Tulikutana kwenye banda la nguruwe, na mara ya kwanza aliponisemesha nilimtukana mbele ya watu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Tulikaa kule kwetu, ng'ambo ya Thika, upande wa Gatuanyaga. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kupita vizuri, halafu nikakaa nyumbani miaka miwili. Hujawahi kukaa hivyo, na namshukuru Mungu. Mwaka wa kwanza watu wanakuuliza, "Wangari, umepata kazi?" Mwaka wa pili wanaacha kukuuliza. Huo wa pili ndio mbaya. Wenzangu kijijini walikuwa hivyo hivyo. Wengine walivunja mawe kwenye machimbo, wengine waliitwa kuvuna mananasi siku mbili na kuambiwa warudi nyumbani, wengine walishinda mbele ya maduka wakibishana mpira. Wazee walisema ni wavivu. Hawakuwa wavivu. Mtu anaweza kuchoka kwa kukaa kuliko kwa kulima.

Basi Padri wetu akapata muumini mmoja mwenye moyo mzuri aliyewapa vijana wa kanisa nguruwe wanne: dume mmoja na majike watatu. Tukaitwa mkutano baada ya misa, watu kumi. Padri akauliza, "Nani kati yenu anajua mambo ya nguruwe?"

Nikainua mkono.

Nilichojua kuhusu nguruwe ni kwamba cucu, bibi yangu, alikuwa na mmoja, na kwamba nilikuwa nampitia mbali kwa sababu aliwahi kula kiatu changu. Lakini kwa miaka miwili hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali lolote, na hapa kulikuwa na swali. Mkono ulipanda wenyewe. Padri akafurahi, akanitaja kuwa mwalimu wa mradi, watu wakapiga makofi, na nilipoketi nilikuwa tayari nimeanza kuamini.

Nilipata gambuti za mpira. Nilipata koti jeupe kutoka kwa binamu aliyefanya kazi kwenye bucha, na halikuwa jeupe sana. Padri alinipa kijitabu cha ufugaji, ila mpishi wake alikuwa ameshakitumia kuwasha jiko, kwa hivyo kilianza ukurasa wa tisa. Nilikisoma kama Biblia. Kila Jumatano na Jumamosi nilisimama mbele ya banda na kuwafundisha wenzangu, na wallahi, kama ungenisikia, ungedhani nilizaliwa ndani ya banda lenyewe.

Mwenyekiti alikuwa Njoroge, yule unayemwita Uncle Njoro. Wakati huo alikuwa mvunja mawe mwenye mabega kama kabati, mcheshi, anayependa watu. Na nyuma kabisa, ameegemea ukuta, alikaa kijana mrefu mwembamba ambaye hakuongea. Jina lake Wekesa. Alikuwa ametoka Bungoma kutafuta kazi, akafanya hapa na pale, mwisho akaja kuvunja mawe na kina Njoroge. Kikuyu chake kilikuwa kibovu, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, na sisi tulikuwa tunamcheka. Ndiyo, ni huyo huyo anayekoroma hapa pembeni yangu sasa hivi.

Mwezi wa tatu, jike mmoja akaanza kuvimba tumbo. Kijitabu changu kilikuwa na ukurasa kuhusu gesi. Ukurasa wa mimba, nadhani ulipikia uji wa Padri. Nikawakusanya watu, nikagonga tumbo la nguruwe kwa vidole viwili kama nilivyoona daktari akifanya, nikasema, "Mnasikia? Hii ni gesi. Huyu amekula vibaya. Anahitaji kutembezwa."

Kule nyuma mkono ukainuka. "Mwalimu, huyo si ana mimba?"

Nikamwambia, "Wekesa, kwani ni nani amesomea hii kitu?"

Watu wakacheka. Yeye akashusha mkono.

Basi tukamtembeza nguruwe. Tulipanga zamu. Asubuhi na jioni wawili wetu walimfunga kamba na kumpitisha barabara ya maduka, polepole, kama bibi harusi. Watu walitoka kwenye vinyozi kututazama. Mzee mmoja aliuliza kama tunampeleka shule. Mimi nilitembea mbele na koti langu, nikiwaambia wanaouliza, "Ni mambo ya kitaalamu."

Jumapili ya pili, zamu ikawa yangu na Njoroge. Tulifika mbele ya kanisa wakati misa inatoka. Nguruwe akasimama. Akageuka mara mbili, akalala chini kwenye nyasi, pale pale ambapo akina mama wa kanisa husalimiana, na akaanza kuzaa. Ngai! Hakuna mtu aliyeenda nyumbani. Watoto wa katekisimu walihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi kumi na mmoja, na kila namba watu wakapiga makofi. Padri alisimama mlangoni na vazi lake la misa, hajui kama abariki au afunge mlango.

Njoroge aliniinamia sikioni. "Mwalimu," akasema, "hii gesi ina miguu?"

Na mimi, unajua nilisema nini? Nilisema nilikuwa nawajaribu. Nikasema nilijua tangu mwanzo, nilitaka kuona ni nani atatambua. Watu walinicheka, lakini walinicheka kwa upendo, kwa sababu sasa kulikuwa na nguruwe kumi na watano na kila mtu alikuwa akijiona tajiri. Wekesa peke yake hakucheka. Alivua shati lake, akawafunga wale wadogo ndani, akawabeba hadi bandani, akawapangia majani makavu. Usiku huo alilala huko huko ili mama yao asiwalalie. Hakuna aliyemtuma.

Kama ningejifunza siku hiyo, barua hii ingekuwa fupi.

Midomo kumi na mmoja zaidi ilileta shida ya chakula. Njoroge akaongea na hoteli moja ya Thika, wakakubali kutupa makombo yao, na kila siku akaanza kuyaleta kwa mkokoteni: ugali, kabeji, mifupa, mabaki ya nyama za kila aina. Nguruwe waliyapenda sana. Njoroge naye alipendwa, kwa sababu alikuwa ametuokoa, na mama yake alianza kumsifu hadharani, jambo ambalo hakuwa amefanya tangu ubatizo wake.

Jumamosi moja nikiwa nafundisha, mkono wa nyuma ukainuka tena.

"Mwalimu, pale Ruiru nilikuwa nafagia kwa shamba ya nguruwe. Miaka miwili. Hayo makombo tulikuwa tunachemsha kwanza. Kuna ugonjwa huwa inakuja na nyama ya nguruwe mwingine. Ikiingia, haibakishi."

Fikiria, Nafula. Miezi mitano nilikuwa nimesimama mbele ya mtu aliyekaa na nguruwe miaka miwili, nikimfundisha nguruwe, na sikuwa nimemuuliza hata swali moja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na badala ya kusema asante, nikasema, "Kuchemsha? Kwani hawa ni wageni wa harusi, tuwapikie?"

Kicheko kikawa kikubwa. Nilikuwa na kipaji hicho.

Sasa nakuja kwa kile ambacho sijawahi kukuambia. Nilienda nyumbani nikafungua kijitabu. Ukurasa huo ulikuwapo. Haukuwa umechomwa. Ulisema wazi kabisa, chemsha makombo, tena ulikuwa na picha ya sufuria. Nilikuwa nimeuruka kwa sababu picha ilinifanya nidhani ni mambo ya mapishi. Niliusoma mara mbili. Kisha nikajiambia: nikirudi Jumatano na kusema Wekesa alikuwa sahihi, basi mimi ni nani? Nikafunga kijitabu, nikala githeri, nikalala.

Haikufika wiki mbili. Dume alianza. Alikataa chakula, masikio yakabadilika rangi yakawa ya zambarau, na siku ya tatu akalala upande hakuinuka. Halafu majike. Halafu wadogo, wawili kwa siku, watatu kwa siku. Jirani wa banda, mama mmoja mjane tuliyemwita Mama Soni, alikuwa na nguruwe wake mmoja tu, mnono, aliyekuwa amemlea kama mtoto wa mwisho. Naye akafa. Sitakufanyia mzaha kuhusu wiki hiyo. Mama Soni hakututukana. Alikuja, akasimama, akatuangalia tukichimba shimo, akarudi kwake.

Afisa wa mifugo alikuja, akaamuru wote wazikwe kwa chokaa na banda likae tupu mpaka aseme mwenyewe. Halafu akauliza, "Mlikuwa mnawalisha nini?"

Watu tisa wakageuka kunitazama mimi, mwalimu. Nami nikageuka nikamtazama Njoroge na mkokoteni wake.

Nilitazama tu. Ilitosha.

Kesho yake nilitoroka. Nilienda Githurai 45 kwa tata yangu, dada ya mama, aliyekuwa anauza nyanya sokoni. Nilimwambia nimekuja kumsaidia. Hata huko ujuaji haukuniacha. Mtu akija kununua nyanya, namweleza namna ya kuzikata, kuzihifadhi, na zile ambazo asinunue. Tata alivumilia siku nne. Ya tano akaniuliza, "Wewe Wangari, unauza hizi nyanya ama unazihubiria?"

Wiki ya tatu, nikiwa nimeinama nazipanga, nikaona gambuti mbili zimesimama mbele ya meza. Juu ya gambuti kulikuwa na Wekesa. Alikuwa ameingia sokoni akiuliza msichana anayeongea sana. Alisema hakuhitaji kuuliza watu wengi.

Nilijua amekuja kunipiga. Nikashika nyanya mbili.

"Mwalimu," akasema, "kikundi kina mkutano Jumamosi. Unatakikana."

"Wa kunifukuza?"

"Apana. Afisa amesema tunaweza anza na kuku. Kuna karatasi za kujaza, mingi. Njoroge alijaribu, wakamrudishia. Hakuna mtu ako na mwandiko ya kusomeka kama wewe."

Nafula, nilikuwa nimewaza mengi kwa wiki tatu. Niliwaza watanisamehe, niliwaza watanilaani. Sikuwaza kwamba watakuja kunitafuta kwa sababu ya mwandiko. Nilicheka hadi nikalia, na nilipolia Wekesa akatazama pembeni, akanunua nyanya asizozihitaji ili apate sababu ya kusimama. Halafu akasema, polepole, "Njoroge haji kanisani siku hizi. Anasema ni yeye aliua."

Hicho ndicho kilichonirudisha, si karatasi.

Jumamosi nilisimama mbele yao bila koti. Nikasema nilisoma ule ukurasa. Nikasema Wekesa alituambia, na nilijua ni kweli, nikanyamaza kwa sababu ya kiburi. Nikasema haikuwa Njoroge. Hakuna aliyecheka. Njoroge, mtu mkubwa vile, alikaa kwenye benchi na kushika kichwa. "Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu mama yangu hanipikii, na nilikuwa naona ni haki." Kisha akainuka akatoka nje, tukamsikia akipiga teke debe, mara moja, mara mbili, mara ya tatu akaumiza kidole na kuanza kulia kwa ajili ya kidole. Akarudi anachechemea, akanyoosha mkono, akasema, "Sasa jaza hizo karatasi."

Kwa Mama Soni nilienda peke yangu. Nilimlimia shamba lake msimu mzima, na kuku wetu walipoanza kuangua, vifaranga wa kwanza walienda kwake. Aliwapokea. Alinipa uji. Kunisamehe alinisamehe baadaye sana, na hakuwahi kuniambia ni lini. Niligundua tu siku moja kwamba ameanza kunitania.

Mwalimu wa kuku alikuwa Wekesa. Mimi nilikaa mbele na daftari nikiandika. Somo lake la kwanza lilikuwa maneno matatu: "Keti. Nyamaza. Tazama." Tukaketi nusu saa tukitazama kuku. Kwangu ilikuwa kama kufungwa jela. Lakini mwisho wa hiyo nusu saa alituuliza ni yupi anaumwa, na wote tisa tukanyoosha kidole kwa yule yule. Ndipo nilipoanza kumwangalia, na sikuwa naangalia kuku.

Si wote walifika mbali na kuku. Mmoja aliuza kuku wake wote mwezi wa kwanza akanunua redio kubwa. Wawili walirudi machimboni. Lakini Njoroge unamjua, mayai yake yanaingia hoteli za Thika mpaka leo, hata ile ya makombo. Na sisi, haya mabanda yaliyokusomesha unayaona dirishani kwako.

Kesho unaenda Bungoma, kwa kina baba yako, kufundisha vijana wasio na kazi. Cheti chako ni cha kweli, si kama koti langu, na najivunia mpaka najisikia vibaya mbele ya majirani. Lakini utakuwa msichana wa Kimbo mwenye Kibukusu cha kuokoteza, na watakucheka kidogo. Waache wacheke. Hao vijana wamekaa muda mrefu bila kuulizwa kitu. Waulize. Kuna mtu hapo nyuma ambaye amefagia mahali fulani miaka miwili.

Nilikuwa nimefika hapo, Nafula, nikitafuta namna nzuri ya kumalizia, baba yako akaamka. Akauliza naandika nini kurasa zote hizi. Nikampa asome. Amesoma kwa miwani yangu, polepole, anacheka pale pa gesi, anatingisha kichwa. Alipofika kwa makombo akaacha kucheka. Akaweka daftari chini.

"Siku hiyo zamu ya kulisha ilikuwa yangu," akasema.

Sikuelewa.

"Ningechemsha. Sikuhitaji ruhusa. Lakini ulikuwa umefanya watu wanicheke, nikasema, wacha huyu msichana ajionee. Nikamwaga vile vile." Akavua miwani. "Nilijua huo ugonjwa haubakishi, lakini nikajidanganya ataugua mmoja, basi. Ndiyo maana nilikutafuta Githurai. Sikuwa nimetumwa na mtu."

Miaka yote hii, mwanangu. Nimemwona kama mtu asiyekosea, na yeye amekaa na jambo hilo kifuani, akila chakula changu, akiniacha nibebe peke yangu lawama ambayo nusu ilikuwa yake. Nilitaka kukasirika. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikaona anangoja kama mtu anayengoja sindano, mzee mzima, na nikashindwa. Nimemuuliza kama atakunywa chai. Amesema ndiyo. Sasa hivi yuko nje na simu, anampigia Njoroge kumwambia, na kwa ninavyosikia, Njoroge anamtukana vizuri sana.

Kwa hivyo ukimpata yule wa nyuma anayejua, usimcheke. Na akinyamaza, mfuate mpaka aseme.

Mama yako,
Wangari